Bunduki Zile Tano, Mwenyewe Nani?

Jagi, Kalasinga wangu,

Naandika nikiwa jikoni, Mwanaidi wangu kaenda kazini, na kalamu naitafuna zaidi kuliko ninavyoandika nayo. Unanijua mimi na kalamu. Darasa la saba la Muheza, tena nililimaliza kwa kusukumwa mgongoni. Ungekuwa na kaburi nisingejisumbua. Ningekuja pale pale, nisimame, nikuombee dua zangu hata kama si za dini yako, nipige soga yangu, niondoke zangu. Lakini ninyi mnachomwa. Binti yako Harjit alichukua majivu yako, tukaenda naye mtoni, akamwaga, maji yakaenda. Wiki iliyofuata nikarudi peke yangu nikasimama kwenye kidaraja. Nikayatazama maji, nikajiuliza, sasa nisalimie upande gani? Maji haya si yale yaliyokubeba. Bata wakanijia, wakadhani nina mkate. Nikaondoka. Ndiyo maana nakuandikia.

Nina swali, bwana. Limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, halipandi halishuki. Lakini nikikuuliza sasa hivi utaniambia nimeanzia mkiani, kama kawaida yangu. Kwa hiyo tulia.

Kwanza ujue bunduki zilipelekwa wapi. Zote tano polisi walizipeleka kwa yule muuza bunduki wa Essex, mzee wa masharubu ya rangi mbili, uliyekuwa unasema hatabasamu mpaka auze. Zililala kwenye kabati lake la chuma, kila moja imefungiwa kikaratasi chenye jina lako. Na jina lako, Jagi, kwa sheria ya hapa, haliwezi tena kumiliki kitu. Muuza bunduki alimwambia Harjit kila moja ipate mtu aliye hai, mwenye leseni, la sivyo inaingia mnadani, na ile isiyopata mnunuzi inakatwa. Inakatwa! Kwa msumeno! Ile mitutu uliyokuwa unaifuta kwa shuka zee la pamba kama unamfuta mtoto kamasi!

Basi Harjit akanigeukia pale sebuleni kwenu, akaniuliza kwa Kiingereza chake kile cha upole, maana Kiswahili anasikia chote lakini hakijibu, "Mjomba, zipi zako na zipi za baba?"

Nikafungua mdomo. Tangu nizaliwe, siku hiyo ndiyo ya kwanza mdomo wangu kufunguka na kitu kisitoke.

Hatukuwahi kugawana, unaona? Nimekaa nikafikiri, nimefikiri kwenye usukani, nimefikiri msikitini wakati imamu anasema mambo ya maana, na sikumbuki siku hata moja wewe kusema hii yangu, au mimi kusema hii yangu. Tulikuwa tunasema zetu tu, kama watoto wa nyumba moja. Watu wa kwetu ndivyo tulivyo, tukichangia kitu tunaona aibu kukiandikia mipaka. Mngereza yeye bunduki moja jina moja. Sisi tukaziweka zote kwa jina lako kwa sababu wewe ndiye ulikuwa na nyumba yako na ukuta wako wa kufungia kabati, mimi nilikuwa kwenye fleti ya kupanga, ukuta wenyewe ukiugonga kwa nguvu jirani anaitika.

Wakati mwingine nadhani kosa lote lilianzia kwenye bamia.

Nilikuwa kwenye usukani, basi limejaa, Ilford pale karibu na maduka. Ukapanda umekumbatia kipande cha mti kilichochongwa, kitako cha bunduki kitupu, hakina chuma hata kidogo, na simu iko sikioni, unafoka kwa Kiswahili cha Tanga kabisa, "Bamia, mama, nimesema bamia, si biringani!" Nikashindwa kuendesha. Mzee wa kilemba anafoka kwa lafudhi ya nyumbani! Taa ikawaka kijani, nami nimekugeukia nakwambia, "Mzee, hicho kitako cha gobori." Watu nyuma wanapiga kelele twende, twende. Ukanitazama kupitia kioo cha kibanda changu. "Gobori la babu yako. Hiki ni cha bunduki ya mitutu miwili, yenye nyundo nje. Na usiguse." Usiguse, na mimi nimefungiwa ndani ya kioo!

Hukushuka kituo chako. Ulikaa mpaka mwisho wa njia, bamia zikasahaulika, nikakusimulia habari za babu yangu wa Muheza alivyompiga chui kwa gobori, risasi ikatokea upande wa pili wa chui, ikapenya ukuta wa jiko la jirani, ikapasua nazi iliyokuwa inasubiri kukunwa. Mtu mwingine angecheka au angeniita mwongo. Wewe ukauliza, "Nazi ilipasuka katikati au pembeni?"

"Katikati," nikasema, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Basi babu yako alikuwa anailenga nazi."

Siku hiyo nikajua nimepata rafiki, na tena nimepata mtu wa kunisumbua.

Halafu ndiyo zikaja zile Jumamosi. Mwanaidi alikuwa anadhani nina mwanamke Norfolk. Nikamwambia, mwanamke gani anakaa kwenye ghala la mnada, katikati ya meza zilizovunjika miguu na vichwa vya swala vilivyopoteza jicho moja? Tulikuwa na sheria yetu, bei isipande kuliko jokofu la mitumba. Wewe ndiye uliyenifundisha siri ya watu wenye hela ndogo. Wenye nazo wanagombania majina makubwa, sisi tutafute mafundi wa miji midogo, waliokufa zaidi ya miaka mia iliyopita, ambao hata wajukuu zao wamewasahau. Tutafute zile zenye nyundo mbili nje, zimesimama kama masikio ya sungura, na mitutu ya chuma kilichosukwa kama ukili wa mkeka, ukiigeuza kwenye mwanga unaona mawimbi. Wazungu wenyewe wanaiogopa mitutu hiyo, wanasema itakupasukia usoni. Wakiogopa wao, bei inashuka, tunaingia sisi.

Wewe ulikuwa sikio, mimi nilikuwa jicho. Hilo usibishe hata huko uliko. Mimi bunduki nzuri nilikuwa naiona kutoka mlangoni, kabla hata sijavua kofia. Nilikuwa naifunga, nainyanyua juu ya taa, na kama kuna uzi wa mwanga kati ya mitutu na mwili nakwambia, "Hii imelegea kiuno." Nilikuwa natazama nyundo kama ni mapacha au moja ni mtoto wa kambo. Natafuta matundu ya wadudu kwenye kitako. Nikimaliza mimi, unakuja wewe. Unaitoa mitutu peke yake, unaining'iniza kwenye kidole kwa ile ndoana yake ya chini, unafumba macho, unagonga kwa fundo la kidole. Mitutu iliyoshikana sawasawa inalia kama kengele, inakaa hewani. Iliyoachia mahali inatoa sauti ya sufuria yenye ufa. Watu wote wa mnada wananyamaza kukutazama. Halafu unafungua macho unasema neno moja. "Inaimba." Au, "Imekufa."

Juzi nilikwenda mnada mmoja peke yangu, kujaribu tu. Nikaning'iniza mitutu, nikafumba macho kama wewe, nikagonga. Ikalia. Lakini ikalia vipi, Jagi? Sikujua. Nikagonga tena. Ilikuwa inaimba, au ilikuwa inalia tu kwa sababu nimeigonga? Mama mmoja wa Kizungu akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia mimi ni mtaalamu, Afrika Mashariki nzima wananijua. Nikairudisha mezani, nikatoka nje.

Nimeruka mambo. Nirudi kwenye msiba, maana hujui kilichotokea nyumbani kwako.

Ulipoanguka kule kwenye karakana ya nyuma, na daktari akasema ni moyo, Harjit aliwaarifu polisi habari za bunduki kama sheria inavyotaka. Wakasema watatuma watu. Wakaja siku ya kisomo. Sebule imetolewa viti vyote, shuka jeupe limetandikwa, watu wamejaa mpaka kwenye ngazi, mimi nimekaa upande wa wanaume na kitambaa kichwani. Mlango ukagongwa. Dada mmoja mrefu wa idara ya leseni, na mwenzake mnene. Kabla hawajajieleza, shangazi yako wa Leicester kashawavua viatu kwa macho, kawapa vitambaa vya kichwa, kawakalisha, kawawekea chai na pakora, zile bajia zenu, mapajani. Alidhani ni wateja wako wa samani. Yule dada amekaa na kikombe chake, hajui pa kuanzia, mwenzake anakula pakora ya tatu. Mimi ndiye niliyemtambua, maana alikuwa anautazama ukuta badala ya watu. Mtu anayetazama ukuta msibani anatafuta kabati.

Mama Harjit akaniita kwa jicho. "Shemeji, wapeleke."

Sasa ufunguo! Miaka yote unaniapia kwamba kwa sheria hakuna binadamu mwingine anayeruhusiwa kujua ulipo, na hakuna anayejua, hata mimi, hata mkeo. Yule dada akauliza kwa adabu kama marehemu aliuacha mahali. Mama Harjit akasimama, akaenda jikoni, akazamisha mkono kwenye kopo la dengu, akautoa. Dada wa watu akainua uso akatazama dari kwa muda mrefu sana. Ulikuwa unamficha nani, bwana?

Tukazitoa moja moja, zimevikwa mifuko yake, tukipita katikati ya wafiwa. Bibi mmoja mzee akamwuliza jirani yake kwa sauti, anadhani ananong'ona, "Jagjit alikuwa na vita na nani?" Na mwenzake, "Na mimi mwaka juzi nilibishana naye bei ya kabati!" Watu wakacheka msibani, Jagi. Wakacheka machozi yakiwa mashavuni. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimebeba ile bunduki ndefu ya kuwindia bata, na nilipofika mlangoni mikono yangu haikutaka kumpa yule dada. Nilimpa. Lakini haikutaka.

Ndipo nikaomba leseni yangu. Ndiyo, mimi! Sasa tumehamia nyumba hii ya chini, ukuta wa matofali ninao, nikafunga kabati kwa bolti nne nene kama vidole vyangu. Daktari akaandika kwamba nina akili timamu, Mwanaidi akataka kuiona hiyo barua mara mbili. Yule dada mrefu mwenyewe ndiye aliyekuja kunihoji. Akauliza kwa nini nataka bunduki. Nikaona swali limekuja kwa mwenyewe. Nikaanzia kwa babu, kwa chui, ukuta, nazi, nikaingia Handeni nilivyokuwa kijana nilipomfukuza nyati mpaka nyati akachoka akakaa chini. Dada akaweka kalamu mezani. Baadaye akasema, "Tuandike mkusanyaji wa vitu vya kale." Akamgeukia Mwanaidi, akamwuliza kama anaogopa kukaa nyumba moja na bunduki.

"Siogopi bunduki," Mwanaidi akasema. "Bunduki zinanyamaza."

Leseni ikaja. Kwa hiyo Jumanne iliyopita tukaenda Essex, Harjit anaendesha, Mama Harjit mbele, mimi nyuma na mwavuli. Muuza bunduki alikuwa amezipanga mezani juu ya kitambaa cha kijani. Kalamu yake tayari. Akasema anataka majina tu, moja kwa kila bunduki, na kwamba hawezi kuzikalia milele.

Akanyanyua ile ya wenzo wa ubavuni, ule unaosukumwa kwa kidole gumba bunduki ifunguke. "Hii ya nani?"

Nikasema hiyo naikumbuka vizuri. Mimi ndiye niliyeiona, kule Norfolk, nyuma ya mashine ya kukatia majani, imefunikwa gunia, na hakuna mtu mwingine duniani angeiona. Kwa hiyo ni yangu. Halafu nikakumbuka kitako chake kilikuwa kimepasuka vipande viwili, na wewe ulikaa nacho kipupwe chote ukakiunga, mpaka leo ufa wake mimi siuoni na wewe tu ndiye uliyekuwa unajua ulipo. Nikasema, hapana, hiyo ya Jagi.

Akanyanyua ile ya Kibelgiji. Nikasema ya Jagi, maana nyundo ya kushoto ulichonga mwenyewe kwa tupa. Halafu nikakumbuka uliichonga ukifuatisha picha niliyokuchorea mimi kwenye bahasha, kwa sababu ya kwanza uliyotengeneza ilikuwa na sura ya kuku. Muuza bunduki akaandika, akafuta.

Akanyanyua ndefu ya bata. Hiyo nilinunua mimi kwa hela ya zamu za Krismasi, ukanikasirikia njia nzima, ukaniita Mbondei mwenye macho kuliko kichwa, ukasema mitutu mirefu hivi ni ya kuangulia embe. Kisha wewe huyo huyo ukaipeleka kupimwa, kule wanakoipiga kwa baruti kali kuliko kawaida waone kama itahimili, halafu wanaigonga muhuri. Ulikaa siku zile huli sawasawa, kama una mgonjwa wodini. Iliporudi na muhuri ulinipigia simu nikiwa kwenye usukani, huruhusiwi kunipigia nikiwa kwenye usukani, ukasema tu, "Imepona." Sasa hiyo ni ya nani? Nilimwuliza muuza bunduki. Nilimwuliza kweli, nikitaka jibu. Akasema yeye anajua kuuza tu.

Zile mbili zilizobaki zilikuwa hivyo hivyo. Nikakaa kwenye kiti. Nikasema, mwandikie mjane zote tano, ni za mumewe, mimi nilikuwa nampa kampani.

Niliposema hivyo roho iliniuma, sitakuficha. Nilizitaka. Nilizitaka zote, na kama ningezikosa zote ningekufa kimya kimya bila mtu kujua. Lakini utasimamaje mbele ya mjane ukadai kitu usichokuwa na hakika nacho?

Mama Harjit akanisikia. Akasogea mezani. Akasema, "Za mume wangu zipi, shemeji? Yeye aliniambia zote zako."

Nikasema, "Zipi zangu?"

"Zote. Kila mlipoleta moja nilimwuliza, Jagjit, umenunua nyingine? Anasema, mimi? Hii ya Athumani, maskini hana pa kuiweka, namtunzia tu. Miaka yote. Mimi nikawa namhurumia huyu Athumani, anamaliza mshahara wake kwenye vyuma, mke wake anakula nini?"

Jagi! Ujue, hapo hapo kichwa kikanizunguka. Maana mimi Mwanaidi alipokuwa ananiuliza Jumamosi usiku hela imekwenda wapi, nilikuwa namwambia nini? Hela gani? Hizo bunduki za Kalasinga. Mimi namsindikiza tu, mzee wa watu hawezi kubeba.

Nikamwambia Mama Harjit. Ningefanyaje? Akanitazama. Akamtazama binti yake. Harjit akaanza yeye, akaziba mdomo kwa mkono, mabega yanamtikisika, halafu mama yake akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, hata ulipokuwa hai, akashika meza, mtandio wa kichwani ukamtoka. "Kumbe hazina mwenyewe!" anasema. "Bunduki tano, na hakuna aliyenunua hata moja!" Muuza bunduki anatutazama sisi watu watatu weusi kwa wekundu tunavyolia na kucheka dukani mwake, Kiswahili hajui, akadhani tumekosana bei.

Na hapa ndipo swali langu lilipo. Nimelifikia.

Je, ulinipa, au ulinisingizia?

Nieleze. Maana kama ulikuwa unasema hii ya Athumani kwa kuogopa mkeo tu, sawa, naelewa, mimi pia nilikufanyia hivyo hivyo, hatudaiani. Basi ni zako, na mimi sina haki ya kuzigusa. Lakini mtu anaweza kujitetea kwa maneno mengine. Ungesema za rafiki. Ungesema za mteja. Wewe kila mara ulitaja jina langu, hukubadili hata siku moja, na ukaongeza kwamba unanitunzia. Mtu anayedanganya tu anaongeza kwamba anatunza? Nimeligeuza neno hili kama ninavyogeuza mitutu kwenye mwanga. Upande huu naona rafiki aliyenipa kila alichokuwa nacho bila kuniambia. Nikigeuza, naona mzee mmoja anayemkimbia mke wake jikoni. Nikigeuza tena nakuona wa kwanza. Silali vizuri, bwana.

Nilimwuliza Mama Harjit pale pale, alipomaliza kujifuta macho. Yeye alilala na wewe miaka yote, nikadhani atajua. Akafikiri. Akasema, "Mimi sijui, shemeji. Huenda alianza kwa kudanganya. Lakini alilisema mara nyingi mno, nadhani mwishoni alikuwa amejiaminisha."

Halafu akamwambia muuza bunduki aandike nne kwa jina langu. Nikakataa. Akasema, "Usinibishie, neno la mume wangu ndilo hilo, kama lilikuwa la uongo mtamalizana wenyewe." Ya tano, ile ya wenzo wa ubavuni, akaiwekea mkono juu. Akasema hiyo ibaki kwanza dukani, yeye naye anaomba leseni. Harjit akashtuka, akamwuliza, mama, wewe utapiga nini? Akasema hapigi kitu. Akasema Jumapili ulikuwa unasugua kitako kwa mafuta ya kitani pale mezani, na yeye akikugombeza kwamba chakula chote kinanuka bunduki. Sasa nyumba hainuki kitu. Anapika, anaosha, anakaa, hainuki kitu. Akaniuliza mafuta hayo yanauzwa wapi.

Jagi.

Nilijifanya natafuta mwavuli.

Basi hiyo ndiyo hali. Nne ziko kwangu, kwenye kabati la bolti nne. Mwanaidi aliziangalia zinavyoingia mlangoni akasema, "Si ulisema za Kalasinga?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na leseni imeandikwa jina la nani?" Nikasema mimi. Akasema, "Hebu nieleze polepole." Mpaka leo namweleza polepole. Kila nikifika katikati napotea mwenyewe. Jana alinikuta nimekaa mbele ya kabati lililofungwa, sifanyi kitu, akaniletea chai, akakaa na yeye. Hakusema neno. Kwake hilo ni kubwa.

Nitakuaga sasa, mkono umechoka, na mimi si mtu wa kuandika. Barua yenyewe sijui niitume wapi. Mtoni hapana, bata wataila. Nitaichoma kwenye sinia huko uani, maana kama wewe ulikwenda kwa moto, labda na karatasi inajua njia.

Nakuahidi hivi. Leseni ya Mama Harjit ikitoka, kila Jumapili nitakwenda kwako, nimfundishe kusugua kitako, tone moja la mafuta, kiganja mpaka kipate moto, kama ulivyonifundisha. Nitamfundisha vizuri kuliko ulivyonifundisha, hilo lazima niseme. Bunduki hizi hazitauzwa nikiwa hai, na hazitaonja msumeno. Siku tukikutana, kama ninyi na sisi tunakutanishwa, maana hapo pia sielewi, nimemwuliza imamu akaniambia nisali tu, nimemwuliza shangazi yako wa Leicester akanipa pakora, siku hiyo unisimamie mlangoni. Usinisalimie, usiniulize habari za Tanga, usianze na babu yangu. Unijibu kwanza.

Ukiniambia ulinisingizia, nitacheka. Ukiniambia ulinipa, sijui nitafanya nini.

Mimi wako,
Athumani